Mshipi wa Trofimo

Siku ya askari kumwapia Kaisari, Trofimo alifungua mshipi wake, akaulaza chini pamoja na upanga.

"Nimebatizwa," akasema. "Sitaua tena."

Jemadari akamwamuru Rufo, aliyelala naye hema moja miaka yote, amfunge mikono kwa mshipi uleule.

Vidole vya Rufo viliingia ganzi. Fundo likalegea.

"Kaza, ndugu yangu," Trofimo alinong'ona, akimsogezea mikono. "Nikiponyoka, watakuua wewe."

Rufo akakaza. Hakusikia kitu moyoni, hata Trofimo alipombusu shavuni, kama waumini wanavyosalimiana, kisha Trofimo akapelekwa kuuawa.

"Rufo! Njoo uape!"

Akasogea mbele. Mkono wake, uliokuwa bado na ganzi, ulikuwa umeshashika bizimu ya mshipi wake mwenyewe.