Bango la Singa

"Vua kofia," mkaguzi wa matangazo kutoka serikalini alisema.

Muuza mafuta ya kuotesha nywele, ambaye mtaa mzima ulimwita Singa, aliikamata kofia yake ya sufi kwa mikono miwili. Jua lilikuwa kali, na jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Mama, nina mafua."

Wateja dukani waligeuka kutazama. Ukutani palikuwa na bango lenye picha mbili: KABLA, kipara kitupu, BAADA, nywele nyingi kama kichaka.

"Hizi picha zote ni zako?"

"Haki ya Mungu, zangu! Kwani serikali inatukataza hata kujisifu? Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake!"

"Kofia."

Singa akavua. Nzi mmoja alitua utosini, akateleza, akaenda zake.

Mkaguzi alikitazama kichwa, kisha bango. "Ipi ilipigwa kwanza?"

Singa alijikuna utosini. "Ya nywele."

Mkaguzi hakufunga duka. Alibandua vibandiko vya maneno akavibadilisha: KABLA kwenye kichaka, BAADA kwenye kipara. "Sasa unauza ukweli," akasema, akatoka.

Singa akanyoosha mkono aling'oe bango lake. Mama mmoja, aliyekuwa amelikodolea macho muda wote huo, akamdaka kiwiko.

"Liache hapo hapo, kaka. Nipe chupa mbili. Mume wangu siku hizi anachana nywele kupita kiasi, na haniambii anakwenda wapi."