Tende ya Mjukuu

Bi Saumu alikwisha piga bismillahi na kuitafuna tende ya kumwonjesha mjukuu wake mchanga, ndipo Mwanahawa, mkaza mwanawe, alipomgeuzia mtoto ukutani.

"Mama, mdomo wako una malengelenge."

"Homa inatoka tu, mwanangu. Tangu tumzike mumeo silali. Naye nilimwonjesha kwa mdomo huu huu."

"Nami nilitokwa nayo nikiwa na mimba. Nesi akanipa dawa ya kupaka isiyodhuru mimba, yakapona. Lakini alinionya, Mama: mate ya mwenye malengelenge huweza kumuua mtoto mchanga." Machozi yakamtoka. "Sina mwingine ila huyu."

"Na mimi ninaye nani?"

Mwanahawa akazidi kumkumbatia mtoto.

Bi Saumu akaitema tende kiganjani, akaitazama. "Haya, tafuna wewe," alisema, akamsogezea kisahani.

Mwanahawa akachukua tende nyingine, akaitafuna, akampaka mtoto kinywani. Mtoto akaanza kulamba. Bi Saumu alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga, na nyuma ya kanga ile taya zake zilikuwa zingali zikitafuna.