Vita vya Saa Nane Mchana

Kandambili iligonga ukuta, nusu mkono kutoka kwenye runinga, pale tu askari alipoanza kulia.

Hakuna aliyemkemea mrushaji. Chediel mwenyewe, angekuwa amevaa kandambili, angerusha zote mbili. Ilikuwa siku ya mnada Misigiri, na watu walikuwa wameacha mbuzi na magunia ya alizeti huko nje wakaja kujibana kwenye banda la video la Manase, kwa sababu ubaoni paliandikwa kwa chaki: LEO VITA, SAA NANE. Sasa inakaribia saa tisa na bunduki haijalia hata mara moja. Kuna mzungu mmoja tu, askari aliyerudi kwao kutoka vitani. Anatembea kwenye theluji, anakaa jikoni, anatazama mikono yake.

Chediel alikuwa na shida yake. Mwanawe Elisha alitakiwa aripoti jeshini Jumatatu. Nafasi hiyo Chediel aliitamani tangu ujana wake, akakataliwa kwa sababu ya nyayo bapa, na leo imemfuata nyumbani kwa miguu ya mtoto. Lakini wiki hii kijana ameanza kusitasita. Chakula anakiacha, ukimuuliza anasema anafikiria. Ndipo baba akamleta hapa aone wanaume wanavyopigana, damu imchemke kidogo. Badala yake anaoneshwa mwanaume anayelia jikoni.

Picha ilikuwa ya lugha ambayo mle bandani hakuna aliyeijua. Mtafsiri alikuwa mzee Alute, mtu wa kuzungukia minada, leo yuko hapa, wiki ijayo yuko Manyoni, na begi lake la diski na kipaza sauti ambacho waya wake umeviringishwa nailoni. Watu walimpenda kwa vichekesho. Mzungu akinywa kahawa, Alute humnywesha uji wa mtama. Akipanda treni, Alute humpandisha basi la Nzega na kondakta akamkalisha kwenye ndoo. Leo vichekesho hakuna. Amekaa juu ya kreti la soda, runinga ameipa ubavu, anamsemea yule askari kwa sauti ya chini.

"Siku ya nne tulikula muhogo mbichi," alisema. "Maji tulichota kwenye alama za kwato za ng'ombe."

"Mzee Alute," akaita Joyce, muuza vitunguu, "hao ng'ombe wamepitia wapi kwenye barafu yote hiyo?"

Banda zima likacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Mmoja akasema huyo si askari, huyo alikuwa mpishi wa askari. Mchinja mbuzi mmoja akataka mkanda utolewe, uwekwe ule wa juzi, wa jamaa anayemaliza kambi nzima peke yake na fulana haichafuki. Manase, pale mlangoni, akamwambia Alute aipeleke picha mbele. Alute hakugeuka.

Chediel hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe kwa pembeni. Elisha ameinama mbele, viwiko magotini, karanga zimelala kiganjani na hazitafunwi.

"Askari gani huyo," Chediel akasema kwa nguvu, maneno yamfikie kijana. "Angekuwa wangu nisingemfungulia mlango."

"Baba yangu alisema hivyo hivyo," Alute akasema kwenye kipaza sauti. "Nikalala zizini. Asubuhi nikashika njia, na mpaka leo niko njiani."

Kwenye runinga kulikuwa na mbwa anakimbia kwenye theluji. Joyce akauliza kama huyo mbwa ndiye baba mtu, na watu wakacheka tena mpaka viti vikalia.

Kandambili ya pili ikapita, hii ikamgonga Alute begani. Akajipangusa kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea.

"Tulikuwa wawili kwenye handaki. Mwenzangu alipigwa risasi ya tumbo."

Askari wa kwenye picha alikuwa kimya kabisa, anakaza kamba za viatu. Huko nyuma walianza kupiga miluzi. Chediel akaona imetosha. Akamshika Elisha mkono, akamwambia wainuke, wana mbuzi wa kuuza, huu upuuzi wa watu waoga wauache hapa hapa.

Elisha hakuinuka. Miaka kumi na tisa, na hajawahi kumkatalia baba yake kitu mbele za watu.

"Baba, ngoja kidogo," alisema. "Bado hajasema kama mwenzake alipona."

Ilimwingia Chediel kama kofi. Aliiona Jumatatu inamponyoka hivi hivi, na anayemnyang'anya ni mzungu wa kwenye kioo. Akamwachia kijana mkono, akapita juu ya magoti ya watu mpaka mbele, akainama, akachomoa waya ukutani.

Runinga ikazimika. Spika ikanyamaza. Watu wakampigia Chediel makofi na miluzi, Joyce akasema huyu sasa ndiye askari, na Manase akafungua mlango ili wenye kutoka watoke. Mwanga wa mnadani ukaingia mpaka kwenye kreti la soda.

Makofi yalipokwisha ndipo walipoisikia sauti, ndogo, bila spika. Mzee Alute alikuwa hajanyamaza. Kipaza sauti kilichokufa kilikuwa bado mdomoni, na uso wake ulikuwa umeelekea kwa watu.

"Akaniomba maji," alikuwa anasema. "Nikamwambia ngoja, nakuja. Nikakimbia, sikurudi. Alikuwa wa umri wa huyo wako."