Kigelegele cha Kwanza

Bi Mwanakheri aliketi mlangoni kwa bi harusi, kiganja mdomoni. Wiki ile daktari wa meno alikuwa amemkata kijinyama kwenye kaakaa, akakishonea kwenye ufizi wake uliosinyaa. Alimwonya ale vilivyopoa, asivute mdomo kutazama nyuzi, na vigelegele avisahau mpaka kidonda kipone.

Lakini kwao bi harusi hatoki mpaka shangazi apige cha kwanza.

"Shangazi, miguu imekufa ganzi!" Sabra, bi harusi mwenyewe, aliita kutoka ndani.

Bi Mwanakheri akaingia, akamwinua kidevu. "Nani alikufundisha kupiga?" alinong'ona.

"Wewe."

"Basi changu unacho. Kitoe."

Wanawake wakashtuka. Bi harusi hupigiwa, hapigi. Sabra akafunua ushungi, akakiachia kirefu, chenye mkunjo uleule wa shangazi mwishoni. Mtaa mzima ukaitikia.

Daktari, aliyealikwa upande wa wanaume, akaja mbio na sahani yake ya pilau. "Bi Mwanakheri! Nyuzi zangu!"

Bi Mwanakheri akaachama polepole ili azione. Zote zilikuwapo. Nyuma yake, Sabra alikuwa akivuta pumzi tena.