Ufunguo wa Nyumba

Nilipofika kwenye kibanda cha mizinga ya nyuki, nikimpelekea mwanangu chai, nilimsikia akigonga mzinga wa kwanza kwa ufunguo wa nyumba. Huku kwetu milimani mzinga hugongwa kwa ufunguo siku moja tu: mwenye nyuki anapofariki, ili nyuki waambiwe, wasihame.

Asubuhi hospitali ya bondeni ilisema Jernej, mume wangu, amekunywa supu.

“Bwana wenu Jernej…” mwanangu aliwaambia nyuki, akasita. “Aa, siyo hivyo. Mama nitamwambiaje?”

Aliponiona aliuficha ufunguo mgongoni, kama alivyokuwa akificha sega la wizi utotoni.

“Mama, umetoka bila koti!” Akavua lake, akanivika.

Nilikaa karibu naye.

“Gonga wa pili, mwanangu,” nikasema. “Nasikiliza.”