Ruhusa ya Jumapili

Nguruwe wa kuchoma alikuwa bado anafuka moshi Meleane alipomtua mlangoni kwa Mchungaji Fifita.

Mchungaji alimtazama nguruwe, kisha akamtazama mama wa watu anavyohema. "Leo kuna harusi nami sikualikwa?"

"Hakuna harusi. Nimekuja kuomba, na mikono mitupu siwezi."

Mchungaji alijua ombi lenyewe. Mji mzima wa Nuku'alofa haukuwa na habari nyingine. Tangu Sitaleki, mwana wa Meleane, aanze kuichezea timu ya taifa ya Tonga raga, mechi zake zote zilikuwa ugenini. Meleane aliomba viza ya kwenda Ulaya kumtazama, akanyimwa; akaomba tena, akanyimwa tena. Sasa goti la Sitaleki lilikuwa limechoka, na mechi inayokuja ndiyo ya mwisho kwake.

Safari hii Wazungu, wapinzani wao, walikubali kuja Tonga, ila kwa sharti: mechi ichezwe Jumamosi jioni ya kwao, watu wao wakiwa mbele ya televisheni na bia zao. Jumamosi jioni ya kwao ni Jumapili asubuhi ya Tonga, na Tonga, kwa sheria, hakuna mchezo Jumapili. Serikali ilisema makanisa yakiridhia, nayo itafumba macho. Yasiporidhia, mechi itahamia Ulaya, na kwenye karatasi Tonga itaandikwa mwenyeji.

"Wao kuja kwetu mara moja, hisani," alisema Meleane. "Sisi kwenda kwao kila mwaka, ratiba. Ruhusu, mchungaji."

"Wewe? Wewe uliyemnunia dada yako mwaka mzima kwa kuanika nguo Jumapili?"

"Mimi huyo huyo. Nitatubu Jumatatu."

Mchungaji hakucheka. Meleane akaketi kwenye ngazi bila kukaribishwa.

"Macho yanakwisha," alisema. "Hiki kisukari. Daktari kasema mwakani nitakuwa napapasa kuta. Nataka nimwone anakimbia, mara moja tu, kisha giza lije likitaka."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Na asijue, ya macho wala ya kuja hapa. Huyo nimemlea mimi. Akisikia mama yake ndiye aliyeomba mpira Jumapili, nitamtazamaje usoni?"

Mchungaji alimfukuza nzi juu ya nguruwe.

"Hata mimi niliwahi kuivaa jezi ile," alisema mwishowe. "Mama yangu alikufa hajaniona uwanjani hata dakika moja. Nenda nyumbani. Nitasema na wenzangu, na jina lako sitalitaja."

Wachungaji walikutana, wakagombana mpaka sauti zikasikika barabarani. Mmoja alitoka akabamiza mlango. Lakini jioni redio ilitangaza: makanisa yameridhia, mara hii moja tu.

Meleane hakumwambia mtu kitu. Alifua nguo yake nyekundu, akakaa uani akijizoeza kutazama mbali. Mnazi wa jirani aliuona. Majani yake hayakuonekana vizuri, lakini mtu mkubwa anayekimbia, huyo atamwona. Dada yake alipopita akimsimanga, "Haya, mtakatifu, utakuwa kanisani au uwanjani?" Meleane alimjibu kwamba hayo ni kati yake na Mungu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka.

Siku ya tatu akaja Pouono, katibu wa chama cha raga, kofia mkononi.

"Mama, mechi imehamishwa. Tunakwenda kucheza kwao."

Meleane alishika nguzo ya baraza. "Wachungaji wamegeuka?"

"Hawajageuka."

"Basi Wazungu."

"Wala si Wazungu. Walishakata tiketi za kuja. Ni vijana wetu, huko kambini Auckland. Mmoja amekataa kucheza Jumapili, wenzake wote wakamfuata. Tumewabembeleza, hawasikii."

"Ni nani huyo?" Meleane alifoka. "Nitajie mama yake! Leo hii nakwenda kwake, anieleze alizaa mtoto au alizaa gogo!"

Pouono alitabasamu, akamshika mkono kwa heshima.

"Usimtukane, mama. Sitaleki amesema wachungaji waruhusu wapendavyo, lakini yeye hawezi kukutia aibu wewe. Hongera. Umelea."