Tramu ya Kugombania

"Maharage uliyaunguza wewe, Chande, usi—"

"Mimi? Si ulikuwa na simu hapo hapo jik—"

"Usinikatize!"

"Nani kamkatiza nani, Zulfa?"

Tramu ya mjini ilikata kona ya Kisutu, behewa zima wake na waume wakirushiana maneno. Ndiyo sheria: ugomvi wote ni humo ndani. Nyumbani ukipaza sauti, kuta zinasikia, na mmoja wenu anahamishiwa mkoa mwingine. Jirani yao alihamishwa kwa kumfokea panya.

Waliposhuka Mnazi Mmoja, wakanyamaza. Nyumbani walikula kimya, vijiko visigonge sahani. Hata chumvi waliombana kwa kidole.

Bi Mwanjaa, mama yake Zulfa, aliwatazama. Tangu mumewe azikwe, hapandi tramu. Hana wa kugombana naye. Siku nzima anakaa na hizo kuta.

Akasogeza sahani pembeni. Akamgeukia Chande, ambaye siku zote humwinamishia kichwa kwa heshima ya ukwe.

"Baba," alinong'ona, "kesho nipeleke kwenye tramu. Ukanifokee kidogo, kama alivyokuwa akinifokea marehemu."